Kwanza Tazama Mwamba, Halafu Barafu

Kilimanjaro ina vilele viwili vikuu ambavyo kila kimoja kimekosa alichonacho mwenzake. Kibo, yenye mita 5,895, ina barafu, lakini sehemu kubwa ya barafu hiyo imekaa kileleni kabisa na juu yake hakuna kitu zaidi ya anga. Mawenzi, yenye mita 5,149, ni kuta za mwamba zilizochongoka na kupasukapasuka, zinazomwaga mawe kwenye mabonde ya upande wa mashariki, lakini barafu ya kudumu haina. Chukua kuta za Mawenzi uzisimamishe juu ya barafu ya Kibo, ongeza theluji mara nyingi kuliko inayoanguka kwetu, na utapata kitu kinachokaribiana na Khumbu, mto wa barafu ulioko chini ya Everest, yaani barafu nene inayoteremka bondeni polepole kwa uzito wake. Ukisimama kwenye sehemu yake ya chini huoni barafu. Unaona mawe, mbele na nyuma.

Nafundisha jiografia sekondari hapa Dar es Salaam, na kila nikionyesha picha ya sehemu ya chini ya Khumbu darasani, wanafunzi wanadhani nimeweka picha nyingine kimakosa. Wanaona machimbo ya kokoto ya Kunduchi. "Mwalimu, hiyo nayo ni barafu?" Ndiyo, ni barafu, tena nyingi, imelala chini ya kifusi. Na kwa maoni yangu hii ndiyo barafu inayostahili kusomwa kuliko zote, kwa sababu inakulazimisha kuacha mazoea ya kuzungumzia joto peke yake. Ukitaka kujua mto wa barafu utaishi vipi na utakufa vipi, tazama kwanza mwamba ulio juu yake, kisha mteremko unaoupitisha. Hali ya hewa imo katika vyote viwili, lakini haifanyi kazi peke yake.

Mawe yanatoka wapi

Ukuta wa mwamba uliosimama hauwezi kushika theluji. Theluji ikiangukia hapo inateleza na kuporomoka, na mwamba unabaki wazi. Mwamba ulio wazi ndio unaoumia. Mchana maji kidogo yanaingia kwenye nyufa, usiku yanaganda, na maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9. Ufa unapanuka kidogo. Kesho hivyo hivyo, na keshokutwa. Jiwe linalegea mwaka hadi mwaka mpaka siku linaachia. Kwenye milima ya baridi kali kuna pia barafu iliyojificha ndani kabisa ya nyufa, inayoushikilia mwamba usimeguke. Joto likipanda na barafu hiyo ikilainika, kinachoachia si jiwe moja tena, ni bega zima la mlima.

Jiwe likiangukia sehemu ya juu ya mto wa barafu, ambako theluji ya mwaka ni nyingi kuliko inayoyeyuka, linafukiwa. Theluji za miaka inayofuata zinalilalia, linazama ndani ya barafu na kuanza kushuka nayo bondeni bila mtu kuliona, safari ya miaka mingi, pengine karne. Mlimani kuna mwinuko fulani ambapo theluji inayoingia na barafu inayoyeyuka vinalingana. Juu ya hapo barafu inaongezeka, chini ya hapo inapungua. Jiwe letu likishavuka mwinuko huo, barafu iliyolifunika inaanza kuyeyuka na lenyewe linaibuka. Barafu inaondoka na maji, jiwe linabaki. Mengine yanaibuka pembeni yake, yanasukumana kuelekea chini, na kwa kuwa mwendo wa barafu unapungua kadiri bonde linavyotulia, yanarundikana. Ndiyo maana sehemu za juu utakuta vumbi na mawe mojamoja, katikati changarawe, na mwishoni mwa ulimi, yaani ile sehemu ya chini ya mto wa barafu, miamba mirefu kuliko mtu. Sehemu za chini za Khumbu kifusi kinazidi unene wa mita 2.

Hapa hali ya hewa inakutana na mteremko. Kuta mbili zinaweza kuangusha mawe sawasawa, lakini pale penye theluji nyingi mawe yanatawanyika ndani ya barafu nyingi na mto unaendelea kuwa mweupe kwa umbali mrefu. Penye theluji haba, uso unafunikwa mapema. Joto likipanda, ule mwinuko wa kulingana nao unapanda. Kwa hiyo mawe yanaibuka juu zaidi kuliko zamani, na kifusi kinaonekana kama kinapanda bonde, wakati ukweli ni kwamba barafu ndiyo inayokiacha wazi.

Ukiacha Greenland na Antaktika, eneo la barafu duniani lililofunikwa na kifusi si kubwa. Makadirio ya miaka ya karibuni yako kati ya asilimia 4 na 7. Lakini eneo hilo limejikusanya sehemu za chini za mito ya barafu, palepale ambapo uyeyukaji ungekuwa mkali zaidi. Asilimia chache, mahali panapoamua mengi.

Uchafu kidogo, uchafu mwingi

Kuna jambo ambalo maelezo ya ubaoni hayakutosha, nikaamua kulifanya kwa vitendo. Nilikwenda Feri asubuhi, kule wanakovunja mabonge ya barafu kwa ajili ya samaki. Kijana aliyekuwa anauza alikuwa ameyafunika mabonge yake kwa magunia yaliyoloa, na kila akimfunulia mteja alifunika tena upesi.

"Dada, unakwenda nalo mbali?"

"Temeke."

"Basi lifunge gunia, tena mara mbili. Jua la leo halina masihara."

Shuleni tulilivunja bonge vipande vitatu vya ukubwa wa karibu sawa, tukaviweka uwanjani saa sita. Kimoja tulikiacha kitupu. Cha pili tulikinyunyizia vumbi la mkaa, kidogo tu, kiasi cha kukitia weusi. Cha tatu tulikifukia kwa mchanga mkavu na kokoto vilivyokuwa kivulini, kina cha kiganja. Cha mkaa kilianza kutoboka vishimo vidogo vidogo, kila chembe ya mkaa ikizama kwenye kishimo chake, na ndicho kilichokwisha kwanza. Kitupu kikafuata. Tulipofukua kile cha tatu, bado kilikuwa bonge la kushikika kwa mikono miwili. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akasema kwa mshangao, "Kumbe uchafu kidogo ni mbaya kuliko uchafu mwingi!"

Sijui kama kuna namna bora ya kulisema. Gunnar Østrem, mtafiti wa Norway, alilipima jambo hilohilo kwenye barafu ya kaskazini mwa Sweden na kulichapisha mwaka 1959, na mpaka leo mchoro wake ndio msingi wa mazungumzo yote kuhusu barafu iliyofunikwa. Kifusi chembamba, cha sentimeta moja hivi, kinaongeza uyeyukaji: ni cheusi, kinameza jua, na joto linapita upesi hadi kwenye barafu. Kikizidi sentimeta chache mambo yanageuka. Joto la mchana linakwama kwenye mawe, na usiku linarudi hewani kabla halijafika chini. Chini ya nusu mita ya mawe barafu inayeyuka polepole sana.

Mfano mkubwa wa asili ulitokea Alaska. Tetemeko la Machi 27, 1964 liliangusha upande wa mlima juu ya mto wa barafu wa Sherman. Miaka iliyofuata, barafu iliyobaki wazi iliendelea kushuka, huku ile iliyo chini ya kifusi ikibaki imeinuka.

Ramani inapodanganya

Mtu akishajua hayo, ni rahisi kuhitimisha kwamba mawe ni rafiki wa barafu na kwamba Himalaya imejipatia blanketi. Hitimisho hilo limeenea na si sahihi, na sababu yake iko kwenye mteremko.

Mto wa barafu usiofunikwa unayeyuka zaidi chini kabisa, kwa sababu huko ndiko kwenye joto. Joto likizidi, ncha inarudi nyuma, mto unafupika, kila mwenye kamera anaona. Mto uliofunikwa unakwenda kinyume. Ncha yake imelala chini ya mita za mawe na haipotezi kitu kikubwa. Kinachoyeyuka kwa kasi ni sehemu iliyo juu ya hapo, ambako kifusi ni cha vumbi na changarawe, unene uleule wa mkaa wetu wa Temeke. Sasa fuatilia umbo la mto. Kati panashuka, ncha haishuki. Mteremko baina ya hizo mbili unapungua mwaka hadi mwaka. Na barafu haina injini, inatembea kwa uzito wake kufuata mteremko wa uso wake. Mteremko ukipungua, mwendo unapungua. Mwendo ukipungua, barafu mpya kutoka juu haifiki chini kujaza pengo. Mwishowe ulimi mzima unalala pale umekufa, urefu wake ni uleule kwenye ramani, na unene unaliwa kimyakimya. Kilometa za mwisho za Khumbu ziko katika hali hiyo leo. Hazitembei, au zinatembea kidogo mno.

Mwaka 2011 mtafiti Dirk Scherler na wenzake walichapisha matokeo ya kufuatilia kwa picha za setilaiti mito ya barafu 286, kuanzia milima ya Hindu Kush hadi Bhutan, kati ya mwaka 2000 na 2008. Katika maeneo yanayopata mvua za monsuni, zaidi ya asilimia 65 ilikuwa inarudi nyuma. Lakini ile yenye kifusi kizito na ulimi uliolala karibu na usawa mara nyingi ncha yake haikusogea. Na kwenye uwanda wa Tibet, ambako milima ni ya miteremko ya taratibu, kifusi ni nadra na mito ilikuwa inarudi nyuma kwa kasi zaidi. Kwa hiyo kurudi nyuma kwa ncha, kipimo ambacho magazeti yote hukitumia, kilikuwa kinaeleza umbo la mlima karibu sawa na kinavyoeleza hali ya hewa. Mwaka uliofuata timu iliyoongozwa na Andreas Kääb wa Chuo Kikuu cha Oslo ilitumia vipimo vya leza kutoka setilaiti kuangalia unene badala ya urefu, na ikakuta barafu iliyofunikwa inapungua unene kwa kiwango kinachokaribiana na cha barafu isiyofunikwa.

Inawezekanaje, wakati mawe yanazuia joto? Sehemu ya jibu ni ule upungufu wa barafu mpya. Sehemu nyingine iko kwenye madimbwi. Ulimi ukishalala chini ya nyuzi 2 za mteremko hivi, maji ya kuyeyuka hayana pa kwenda, yanakaa juu ya barafu. Nimeangalia picha za madimbwi hayo kwa karibu kadiri kompyuta ilivyoniruhusu kukuza. Maji ni ya kijivu, yametulia, na upande mmoja unasimama ukuta wa barafu mweusi wa uchafu, umelowa, mdomoni mwake mawe yamening'inia yakisubiri zamu ya kudondoka. Ukuta huo ni mkali mno kushika kifusi, kwa hiyo uko wazi kwa jua, na chini unaliwa na maji yaliyopata joto. Unayeyuka mara kadhaa zaidi ya barafu iliyofunikwa jirani yake. Kuta na madimbwi ni eneo dogo la ulimi, lakini mchango wake katika hasara ni mkubwa kupita ukubwa wake.

Madimbwi yakiungana yanakuwa ziwa, na ziwa linalozuiwa na ukingo wa kifusi si salama. Dig Tsho, huko Nepal, lilifurika Agosti 4, 1985 baada ya barafu kuporomokea ndani yake. Wimbi likavuka ukingo na kuukata, na mafuriko yakafagia madaraja, nyumba na kituo cha umeme wa maji kilichokuwa karibu kukamilika. Imja, jirani na Everest, lilikuwa madimbwi machache tu miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Leo eneo lake limepita kilometa moja ya mraba. Mwaka 2016 jeshi la Nepal lilifanya kazi kule, mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, kuchimba mfereji na kushusha maji kwa zaidi ya mita 3. Naiheshimu sana kazi hiyo. Watu walipanda kwenye hewa nyembamba kupunguza hatari kabla haijawafikia walioko bondeni, na hakuna aliyewapigia makofi kwa mafuriko ambayo hayakutokea.

Kusi inafika Himalaya

Kuna kiungo kati ya Dar es Salaam na barafu hii ambacho hakiko kwenye kitabu chochote cha kiada nilichofundishia, nacho ni upepo. Kusi inayotupuliza hapa kuanzia katikati ya mwaka, ile inayofanya Juni na Julai ziwe miezi ya kulala bila feni na kuwapeleka wenye majahazi kaskazini, haiishii Mombasa wala Lamu. Inavuka ikweta, inapanda pwani ya Somalia, mzunguko wa dunia unaipinda, na inaingia Bahari ya Arabuni kama upepo wa kusini-magharibi uliojaa unyevu. Hiyo ndiyo monsuni ya India. Unyevu wake ukigonga Himalaya unapandishwa, unapoa, na kule juu unaanguka kama theluji.

Kwa hiyo mito ya barafu ya Himalaya ya kati na mashariki inapata theluji yake nyingi wakati wa majira ya joto ya huko, msimu uleule inapoyeyuka. Hali hiyo inaiweka pabaya. Joto likipanda kidogo, sehemu ya kilichokuwa kinashuka kama theluji kinashuka kama mvua, na mto wa barafu unapoteza chakula huku ukizidi kuyeyuka. Magharibi, kwenye safu ya milima ya Karakoram, mambo ni tofauti. Huko theluji nyingi inaletwa na mifumo ya hewa ya magharibi wakati wa baridi, ambapo hakuna hatari ya kuyeyuka. Kuta ni ndefu na kali mno, maporomoko ya theluji ni mengi, na mito ya barafu kama Baltoro, yenye urefu wa kilometa 63 hivi, imebeba mistari ya mawe inayoonekana hata kutoka angani. Katika ule utafiti wa 2011, zaidi ya nusu ya mito iliyopimwa Karakoram ilikuwa imesimama au inasonga mbele. Kuna kuta Karakoram na kuna kuta Khumbu. Kuna mawe kote kuwili. Kilichotofautiana ni msimu wa theluji. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia kwamba ni mteremko tu, wala akiniambia kwamba ni joto tu.

Uswisi mwaka 2025 ilitoa somo la haraka na la kutisha. Juu ya kijiji cha Blatten, katika bonde la Lötschental, kulikuwa na mto mdogo wa barafu uitwao Birch, na juu ya mto huo kilele cha Kleines Nesthorn. Mto wenyewe ulikuwa unasonga mbele katika miaka ambayo barafu nyingine za Uswisi zilikuwa zinarudi nyuma, kwa sababu mawe yaliyouangukia yaliukinga na pia yaliuongezea uzito. Mei kilele kikaanza kumeguka. Mamilioni ya tani za mwamba yakalalia barafu iliyokaa kwenye mteremko mkali. Wataalamu waliona mwendo unaongezeka, na wakazi 300 hivi wakahamishwa. Mei 28 vyote viliachia kwa pamoja na kufukia karibu asilimia 90 ya kijiji. Mtu mmoja alikufa. Kifusi kilekile ambacho kwenye bonde la mteremko mdogo kingelala kama kinga, kwenye mteremko mkali kiligeuka mzigo. Na wakazi karibu wote waliokoka kwa sababu kuna watu ambao kazi yao ilikuwa kuutazama mwamba.

Nyumbani

Upande wa mama ni Machame, na mjomba wangu alibeba mizigo ya watalii mlimani kwa miaka mingi, mmoja wa wale wanaojiita wagumu. Nilipomuuliza kuhusu njia ya Western Breach, upande wa magharibi wa Kibo ambako mteremko ni mkali na mawe yako juu ya kichwa, alinijibu bila kufikiri: "Mpwa wangu, pale hupiti jua likiwa limetoka. Mawe yanaamka na jua." Walikuwa wanaanza kupanda usiku mkubwa, mawe yakiwa bado yameshikwa na barafu. Januari 2006 mawe yaliporomoka upande huo na kuua Wamarekani watatu. Mjomba hajawahi kusikia jina la Østrem, lakini uhusiano wa mteremko, baridi na jiwe anaujua kwa mwili wake, na nilimwambia aje awaeleze wanafunzi wangu atakapokuja mjini.

Kwingineko, barafu ya Kibo ni hadithi nyingine kabisa. Ukipanda ndege kwenda KIA asubuhi isiyo na mawingu ukakaa upande sahihi, utaona kwamba barafu za kileleni hazishuki kama ulimi. Zimesimama kama mabaki, zikiwa na kuta wima, na ardhi inayozizunguka ni ya majivu, kavu, karibu tambarare. Ramani ya mwaka 1912 ilionyesha kilometa za mraba 12 hivi za barafu. Kufikia 2007 zilikuwa zimebaki pungufu ya 2. Wastani wa joto la hewa kileleni ni karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Hewa ni ya kugandisha, na bado barafu inakwisha, kwa sababu jua la ikweta linazipiga zile kuta moja kwa moja, kipindi kimoja cha mwaka upande wa kaskazini na kingine upande wa kusini. Sehemu ya barafu haipiti hata kwenye maji, inageuka mvuke papo hapo. Theluji mpya haiwezi kushika ukutani, kwa hiyo ukuta ukishajitengeneza haurudi tena kuwa mteremko. Na theluji yenyewe imepungua: kuanzia miaka ya 1880 Afrika Mashariki iliingia katika kipindi kikavu zaidi kuliko awali, na barafu isiyo na theluji mbichi juu yake inabaki ya kijivu, yenye vumbi la volkano, ikimeza jua. Kibo imepata ule uchafu kidogo. Ule mwingi haikuupata, kwa kuwa hakuna ukuta wa kuuangusha.

Hapa naomba nitofautiane na jambo linalorudiwa sana kwenye mijadala yetu, kwamba barafu ya Kibo ikiisha, mito ya Kilimanjaro itakauka. Barafu hiyo ni ndogo mno kulisha mito. Maji ya chemchemi za Machame na Marangu, na yale yanayoingia Pangani hadi Nyumba ya Mungu na Hale, yanatokana zaidi na mvua inayoangukia msituni, ambako upande wa kusini wa mlima hupata mvua nyingi kuliko sehemu nyingine zote za mlima. Anayeogopea maji aulinde msitu, moto na misumeno vikae mbali. Wanaotegemea kweli maji ya barafu ni wa bonde la mto Indus, huko Pakistan, ambako kwenye miezi mikavu mashamba yanasubiri kinachoshuka kutoka chini ya yale mawe.

Baada ya jaribio letu wanafunzi walinibana na swali ambalo sikulitegemea. Kama kifusi kinene kinakinga barafu, kwa nini serikali isipeleke mawe Kibo, au nguo nyeupe kama wafanyavyo Uswisi kwenye barafu ya Rhône kila kiangazi? Niliwajibu kwamba wazo la kufunika kuta za Kibo kwa kitambaa cheupe lilishawahi kupendekezwa na wanasayansi, si la kitoto hata kidogo. Rhône kitambaa kinafanya kazi kwenye kipande kidogo, kinagharimu pesa nyingi, na kinafaa kwa sababu barafu imelala na hasara yake kubwa inatokea juu ya uso. Kibo inaliwa kutoka ubavuni. Kifusi utakachokimwaga kileleni kitakinga uso wa juu, ambao si tatizo kubwa, na kikifika ukingoni kitadondoka chini ya ukuta, ukuta ubaki wazi. Upepo wa kileleni nao utavichana vitambaa. Kijana mmoja wa nyuma akauliza kama ukuta unaweza kuchongwa uwe mteremko ili mawe yakae. Tulichora ubaoni, tukahesabu ni barafu kiasi gani ingebidi kukatwa kwanza ili kupata mteremko wa kushika kokoto, na ilipofika nusu ya kipande cha mchoro wetu aliweka chaki chini mwenyewe, akaomba tuchore Mawenzi.